Dola Iliyokuja Kuchukua Siku

Kwa miaka mitatu sasa nimekuwa nikijenga mji ambao haupo. Unaitwa Majimbini. Uko bondeni, kati ya mto usiokauka na milima inayovaa ukungu mpaka saa nne za asubuhi, na watu wake hulima mahindi, migomba, muhogo na hayo majimbi yaliyoupa mji jina. Wana wazee wanaojua kusema na mvua. Wana kisima ambacho mkulima akikichungulia usiku wa mbalamwezi huliona shamba lake kama litakavyokuwa siku ya mavuno. Na juu yao kuna dola.

Msomaji wa Tanga hatapata shida kulitambua bonde lenyewe. Ni njia ya kutoka Muheza kupanda Amani, pale michungwa inapoanza kupungua, miti ya msituni inaisogelea barabara, na Mto Zigi unasikika kabla hujauona. Bibi yangu anaishi upande huo. Mimi niko mjini, Ngamiani, nafundisha mchana na kuandika usiku, na kila likizo humpelekea kurasa nimsomee, kwa kuwa macho yake hayamruhusu tena kusoma mwenyewe.

Katika rasimu ya kwanza dola iliingia Majimbini alfajiri. Wapanda farasi 1,000, vifua vya chuma, bendera nyeusi. Waliyachoma mashamba yote, moshi ukalifunika bonde siku saba. Niliiandika sura hiyo kwa hasira ya kweli, na siku ya kuisoma nilisimama kabisa pale barazani. Bibi alikuwa akichambua choroko kwenye ungo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wameunguza mahindi yote?"

"Yote, Bibi."

"Sasa watakula nini?"

"Watu wa Majimbini?"

"Hao wakubwa zako. Wametoka mbali kote huko, wamekifikia chakula, wamekiunguza. Watakula nini?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi mjini na kurasa 40 ambazo hazikusimama tena, na lile swali.

Moto ulikuwepo, sitaki nieleweke vibaya. Katika Vita vya Majimaji, kati ya 1905 na 1907, majeshi ya Wajerumani yalichoma mashamba na maghala ya kusini kwa makusudi, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Lakini hiyo ni dola iliyokwisha kutikiswa. Dola iliyokaa ikatulia hailichomi shamba, maana ndilo lililoileta. Na mimi mtu niliyetaka kumwandika ni mkulima aliyeishi chini yake miaka 30, akaoa, akazaa, akaenda ngomani, akacheka na jirani, na huku kuna kitu kinamtoka kila uchao. Kinamtokaje? Nikaanza kusoma habari za kwetu upya, safari hii nikiwa na swali la mpishi.

Cha kwanza kilichonishika ni mwezi mmoja. Aprili 1888, Sultani wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kuikabidhi kampuni ya Kijerumani utawala wa mwambao. Agosti kampuni ikaja kupandisha bendera yake katika miji ya pwani, na Pangani ikapata mtu anayeitwa Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimpa jina la Nyundo. Tunajua kilichofuata: vita vya Abushiri bin Salim, na Abushiri kunyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Shuleni tunafundisha Agosti na Desemba. Aprili tunaipita. Lakini mtu aliyekuwa akipalilia mtama wake nje ya Pangani mwezi ule wa Aprili alikuwa amekwisha kukabidhiwa, juu ya meza fulani, na mchana wake ulikuwa mchana wa kawaida. Alirudi nyumbani na jembe begani.

Basi nikawafuta wapanda farasi. Sasa dola inaingia Majimbini ikiwa na watu wawili na meza. Meza inawekwa chini ya mti wa mkungu sokoni, kitambaa kinatandikwa, mmoja anakaa, mwingine anasimama na mwavuli. Watu wanapita na mizigo yao ya ndizi wakidhani ni wanunuzi.

Sura ile ilinipa taabu kwa sababu mji wenyewe nao haukuwa safi, na nisingeweza kuuandika kama bustani iliyoingiliwa na nyoka. Kabla ya Wajerumani bonde letu lilikuwa na wakubwa wengine. Wakilindi wa Vugha waliitawala Usambara yote na mvua ilihesabiwa kuwa mkononi mwa mfalme wao. Wabondei, watu wa Bibi, waliwaasi mwishoni mwa miaka ya 1860 katika vita wanavyoviita Kiva. Kule Pangani matajiri wa Kiarabu na Kiswahili walikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa. Kwa hiyo Majimbini ina mzee mmoja anayekumbuka dola ya kabla ya hii, na meza inapofika sokoni yeye peke yake ndiye anayeitambua. Anaiambia familia yake ifukie mbegu.

Sasa mazao. Kila mtoto wa Tanga amekua akiutazama mkonge dirishani mwa basi, mistari inayokwenda mpaka macho yachoke, na hatuulizi ulitoka wapi. Ulikuja mwaka 1893. Mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62, ikapandwa Kikogwe, kusini ya Mto Pangani. Kutokana na miche hiyo 62 nchi nzima ilibadilika sura, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa inaongoza duniani kwa mkonge. Mwaka uleule wa 1893 ndipo ujenzi wa reli ulipoanza Tanga kuelekea Muheza na Korogwe. Hesabu hiyo ya 62 hainitoki. Niliwahi kupanda Majimbini mmoja wa miche hiyo, wenye mwiba nchani, umebebwa kwenye boksi la mbao, mtoto anaugusa na kutokwa damu.

Ila ukiuwaza kama mkulima, jambo kubwa la mkonge liko wazi kuliko hilo. Hauliwi. Wenyewe wanaozungukwa nao wanaweza kufa njaa katikati ya shamba lililostawi. Mji wa wakulima ukishapandwa kitu kisicholika, lazima chakula kitoke mahali pengine, kwa bei ya mtu mwingine. Huo ndio mlango wa kwanza ambao mkulima hutokwa na kitu. Wa pili ni kodi: kuanzia 1898 Wajerumani walitoza kila nyumba ya kijijini rupia 3 kwa mwaka. Aliyekuwa na mahindi ghalani na kuku uani, mtu wa kujitosheleza kabisa, ghafla akawa maskini wa kitu ambacho hakijawahi kuota shambani kwake.

Mlango wa tatu ndio uliobeba hadithi yangu yote, nao ni kadi.

Mwaka 1907, katika wilaya ya Wilhelmstal, ambayo leo ni Lushoto, utawala wa Kijerumani uligawa kadi za kazi. Walowezi walikuwa wamechukua ardhi milimani, na Wasambaa hawakuwa na haja ya kuwafanyia kazi, maana walikuwa na migomba yao. Ikaamuliwa kwamba kila mwanamume mwenye nguvu asiye na ajira ya kudumu amfanyie kazi Mzungu siku 30 katika kila miezi minne. Kadi ndiyo iliyoshuhudia.

Siku 30 katika miezi minne. Nilipoisoma mara ya kwanza niliona ni robo tu, siku 90 kwa mwaka, na robo tatu inabaki kwa mwenyewe. Niliisoma hivyo kwa sababu mimi ni mtu wa mshahara, na siku zangu zinalingana. Jumanne ya Februari na Jumanne ya Aprili kwangu ni kitu kimoja. Kwa mkulima hazilingani hata kidogo. Masika yakifungua mlango mwezi Machi, kuna siku kumi au kumi na mbili ambazo ndizo mwaka. Hindi lililopandwa wiki mbili nyuma ya wenzake hukutwa na jua kabla halijabeba. Palizi ikichelewa, magugu hula mbolea yote ya ardhi. Na mahindi yakishabeba kuna kulinda: mtu alale shambani juu ya dungu, awe na debe la kupiga, maana nguruwe mwitu huja usiku na nyani huja mchana, nao wanajua kuhesabu watu kuliko karani yeyote. Mwondoe mwanamume mmoja siku hizo, umemwacha mama na watoto wachague kati ya kupalilia, kuteka maji na kulala dunguni.

Hapo ndipo nilipomwelewa Bibi. Dola ya namna hii haigusi hindi hata moja. Ukilifungua daftari lake hutaona palipoandikwa kwamba mahindi yamechukuliwa, kwa kuwa yameliwa na nguruwe. Ilichochukua ni siku, na nguruwe akamaliza kazi.

Nikaichukua kadi nikaipeleka Majimbini na kuitia uchawi kidogo tu. Kule, mnyapara akitoboa tundu kwenye kadi, siku hiyo inatoka kabisa katika maisha ya mtu. Haikumbuki, hakuiishi. Anaondoka asubuhi mtoto wake akitambaa, anarudi mtoto anasimama, na katikati hapana kitu. Mwanamke mmoja, ambaye polepole amekuwa moyo wa hadithi, anagundua kwamba hajui mama yake alizikwa siku gani. Siku zenyewe husafirishwa ng'ambo kwenye mitungi, na watu wa mji mkuu wa dola huishi miaka 200. Nimejizuia kuwafanya wabaya. Wengi wao ni wapole, wanapenda muziki, wanatunza wazee wao, na wanaamini kwa dhati kwamba umri wao mrefu unatokana na hewa ya kwao.

Niliposoma sura hii, Bibi aliniambia nimekosea kitu kimoja. "Siku hazikuwa zikipotea," alisema. "Zilikuwa zinakataa kujaa." Akanieleza habari za kipande cha babu.

Maana kadi haikuondoka na Wajerumani. Waingereza waliiendeleza katika mashamba ya mkonge, na neno lake watu wa Tanga wote wanalijua: kipande. Kipande kilikuwa siku 30 zilizofanyiwa kazi, si siku 30 za kalenda. Siku uliyougua haikuhesabiwa. Siku ambayo kazi uliyopimiwa hukuimaliza haikuhesabiwa, hata kama ulitoka gizani na kurudi gizani. Babu alikuwa mkata mkonge katika shamba moja ambalo sitalitaja, akikata majani, akifunga matita, akibeba mpaka kwenye reli ndogo iliyoyapeleka kwenye korona, mashine ya kuchambua nyuzi. Wenzake wengi walikuwa manamba, walioletwa kwa mkataba kutoka mbali: Waha, Wabena, Wanyamwezi, Wamakonde, hata watu wa Burundi. Wao waliishi kambini na posho yao. Babu alikuwa na shamba lake nyuma ya nyumba, na hilo, kwa maelezo ya Bibi, ndilo lililomtesa zaidi kuliko wao.

"Babu yako alikuwa na miezi miwili," alisema. "Mmoja wa mbinguni, mmoja wa kipande. Wa mbinguni ukiandama wa kipande bado uko kumi na nane. Ukiuliza leo tarehe ngapi anakuuliza, ya wapi?"

Nimeiingiza miezi miwili katika hadithi. Juu ya Majimbini sasa kuna mwezi wa kawaida na mwingine wa shaba, unaojaa pale tu watu wote wa mji wamemaliza kazi yao, na kwa hiyo haujai kamwe.

Kuna jambo nilikuwa nikilikwepa, nalo ni mkono ulioshika kalamu. Katika rasimu mbili karani wa meza alikuwa mgeni mwenye lugha ya ajabu. Ilikuwa raha kumchukia. Lakini Wajerumani hawakuja na watu wa kutosha hata kujaza wilaya moja, na walipohitaji wa kukusanya kodi na kusimamia kazi walichukua mpango uliokuwepo pwani, wakawatuma maakida bara. Wengi walikuwa Waswahili wa mwambao, watu wenye kusoma na kuandika, wenye kanzu safi na salamu nzuri. Lugha ninayoiandikia sasa, lugha ya mama yangu, iliingia vijiji vingi ikiwa imekaa ndani ya daftari la kodi. Najua Kiswahili kilikuwa na maisha yake karne nyingi kabla ya hapo, na baadaye kikawa lugha ya kudai uhuru. Yote ni kweli. Ila siwezi kuandika Majimbini nikamfanya karani azungumze lugha ya kubuni. Nimemfanya mtoto wa mji wa jirani, wa pwani, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote. Anaongea kama mimi. Ana mke anayempenda na mkopo wa kulipa. Ndiye mhusika aliyenichukua muda mrefu kuliko wote, na bado sura zake nazirudia.

Baada yake nikamwongeza mtu wa pili ambaye sikumtarajia: bwana shamba. Milima ya Usambara ilikuwa kweli inamomonyoka, na Waingereza mwaka 1946 walianzisha Mlalo mpango wa kuokoa udongo. Watu walitakiwa walime kwa matuta, na asiyelima matuta aliadhibiwa. Kwenye mteremko mkali kazi hiyo ni ya kuvunja mgongo, na jembe mara nyingi lilikuwa mikononi mwa wanawake. Walikataa, wakapinga miaka na miaka, na mpango ukafa kabla ya uhuru. Bwana shamba wangu anaupenda udongo wa Majimbini kwa dhati; anauonja, anaulilia ukishuka na mto. Anachosema kuhusu mmomonyoko ni sahihi. Lakini anakisema akiwa amesimama upande wa meza, na watu hawawezi kulisikia neno lake bila kuisikia meza.

Mtoto wa kaka yangu, ana miaka 12, ndiye msomaji wangu mkali baada ya Bibi. Aliniuliza, "Shangazi, kwa nini hawakimbii tu?"

Swali zuri, na waliokimbia wapo. Mwaka 1873 watumwa wa mashamba ya miwa ya Pangani waliasi, wakatoka, wakajiwekea makazi yao wenyewe. Nilimweleza. Halafu nikamuuliza yeye angekimbia mwezi gani. Akafikiri. Kabla ya kupanda? Atakwenda na mbegu, lakini atazila njiani. Baada ya kupanda? Chakula chake chote kiko ardhini. Wakati wa kuvuna? Hapo ndipo askari wapo wengi. Baada ya kuvuna mama mmoja ana mimba, na mvua ya vuli iko karibu. Alikaa kimya muda, kisha akasema, "Basi wakimbize muhogo." Alikuwa na maana kwamba wahamishie kilimo chao chini ya ardhi, pasipoonekana.

Nimelichukua wazo lake lote. Karani huhesabu kinachosimama: mabua, mikungu, minazi. Muhogo unaweza kukaa ardhini mwaka na zaidi ukimngoja mwenyewe. Majimbi yako kwenye kinamasi ambako hakuna mtu wa dola anayetaka kuchafua viatu. Kwa hiyo mji wangu, uliokuwa na jina hilo kwa sababu tu nilipenda mlio wake, sasa una sababu ya kuitwa hivyo. Juu mabua yanazidi kupungua mwaka hadi mwaka na daftari linaandika kwamba mji unakufa. Wakubwa wanakichungulia kile kisima kuthibitisha, lakini hawaoni kitu, kwa kuwa kisima humwonyesha mtu shamba lake na wao hawana.

Wapo walioniuliza kwa nini nibuni mji wakati historia yenyewe ipo na ina majina. Hapa Tanga swali hilo lina jibu la nyumbani. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, na mwaka 1951 ikachapishwa Kusadikika yake, habari za nchi iliyo angani. Yeye alihitaji anga ili aseme. Mimi nahitaji bonde, kwa sababu nyingine: waliotobolewa kadi wengi hawakuandikwa majina popote, na ninapotumia historia tupu najikuta naandika habari za Zelewski na Hindorf, ambao majina yao yapo. Mwanamke asiyejua siku aliyozikwa mama yake hayumo katika kitabu chochote. Ilibidi nimpe mji.

Desemba iliyopita tulikwenda Muheza pamoja, mimi na mtoto. Mvua za vuli zilikuwa zinamalizikia, njia ilikuwa matope, tukafika jioni. Tulimwamkia Bibi, akaitikia marahaba, akamwambia mtoto amletee sanduku la bati lililo chini ya kitanda. Ndani kulikuwa na kanga mbili ambazo hazijavaliwa, kitambulisho cha zamani, na karatasi ngumu iliyokunjwa mara mbili, rangi imekuwa kama chai. Miraba 30. Nilikuwa nimeandika habari za kipande miaka mitatu bila kukishika.

Mtoto alikipeleka kwenye taa. Alihesabu miraba yenye alama. Ilikuwa 19.

"Bibi, mbona hakumaliza?"

"Hakumaliza."

"Akalipwa hizo kumi na tisa?"

"Kipande kisipojaa hakilipwi."

Mtoto alinitazama mimi, kana kwamba ndimi niliyeitunga kanuni hiyo. Bibi alinyoosha mkono akapewa kile kipande, akakipapasa kwa kidole gumba pale mwisho, mahali palipo patupu, ingawa sidhani kama macho yake yaliona mstari wowote.

"Masika yalikuwa yameingia," alisema. "Tulikuwa tunapanda."

Mtoto akakichukua tena, akasogea karibu na taa, akaanza kuihesabu ile miraba mitupu.